Mtaa wenu ukipewa mradi mmoja tu, chagueni upi?

Pesa za kuboresha miji zipo na zinazunguka. Dar es Salaam ilipata DMDP, mkopo wa dola milioni 300 wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2015 kwa ajili ya Ilala, Kinondoni na Temeke. Baadaye ukaja mradi wa Bonde la Msimbazi, na huko mikoani TACTIC, mradi mwingine wa kuboresha miji, imelenga miji 45. Kenya wana KISIP kwa makazi yasiyo rasmi na KUSP kwa miji ya kaunti. Mwananchi wa kawaida hukutana na majina haya mara moja tu, kwenye mkutano wa hadhara, chini ya mwembe au uwanja wa shule ya msingi, pale mwenyekiti wa serikali ya mtaa anaposimama na kuuliza: "Ndugu wananchi, vipaumbele vyetu ni vipi?" Wa kwanza anapaza sauti, barabara. Wa pili zahanati, wa tatu taa. Katibu anaandika vyote, na mara nyingi kinachojengwa ni kile ambacho mchoro wake ulishakuwa tayari.

Nimelinganisha hapa aina nne za miradi kwa ajili ya mtu atakayekaa kwenye mkutano wa namna hiyo: barabara na mifereji, bustani na fukwe, mtaa wa watembea kwa miguu, na majengo ya kuishi au ya biashara. Sijazipa nafasi sawa kwa sababu hazilingani. Msimamo wangu nausema mapema: mtaa wa uswahilini uliopewa nafasi moja uanze na mfereji. Na mradi wowote ule, uwe wa maua au wa ghorofa, usipigiwe makofi mpaka wapangaji na wachuuzi wa eneo hilo wawe wamehesabiwa kwa majina.

Barabara na mifereji

Kwenye makazi yaliyojengwa kabla ya kupimwa, barabara na mfereji ni kitu kimoja. Uchochoro ni njia ya watu, ni njia ya maji ya mvua, na wakati wa masika unapitisha na mengine. Waliokulia Tandale, Manzese au Keko wanajua nini hufanyika mvua kubwa ikianza usiku: kuna nyumba zinatapisha choo. Tundu lililozibwa upande wa chini wa shimo linafunguliwa, mvua inabeba, asubuhi shimo limepungua na uchochoro wa jirani unanuka. Watu husema ni tabia mbaya, na kweli ni mbaya, lakini gari la majitaka haliwezi kupenya kule, na hata likipenya bei yake si ya mpangaji wa chumba kimoja. Kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam Agosti 2015 kilianzia Kinondoni, kwenye mitaa ya namna hii, kikaenea hadi mikoa mingine.

Kwa hiyo lami yenye mifereji pande mbili ikipita katikati ya mtaa kama huo, faida yake si kupendeza. Gari la majitaka linafika. Zimamoto inafika. Mama mwenye uchungu anapanda bajaji mlangoni kwake badala ya kusindikizwa kwa miguu hadi barabara kubwa usiku wa manane. Taka zinachukuliwa na gari, si kijana wa toroli anayezimwaga bondeni akishapata ujira wake. Katika aina zote nne, hii ndiyo ambayo faida yake inamfikia hata asiyeitumia moja kwa moja.

Ila ina mitego, na mtego wa kwanza ni kimo. Mkandarasi anamwaga kifusi, anashindilia, anaongeza kokoto, kisha lami au zege. Akimaliza, barabara imepanda juu ya sakafu za nyumba za zamani, ambazo nazo zilishazama kwa miaka ya mchanga unaoletwa na mvua. Maji yaliyokuwa yakikatiza uwanja na kwenda zake sasa yanagonga ukuta wa barabara na kurudi ndani. Tembea mtaa uliowekewa lami bila hesabu nzuri utaona kila mlango una kizingiti cha tofali mbili kilichoongezwa na mwenye nyumba mwenyewe, na watoto wanakiruka kama wanacheza.

Mtego wa pili ni mwisho wa mfereji. Katika mkutano mmoja niliohudhuria, mhandisi kijana alikuwa amebandika mchoro wake ubaoni, mistari ya buluu imenyooka vizuri. Mama mmoja wa makamo akanyoosha mkono. "Mwanangu, maji mnayatoa kwangu, sawa. Mnayapeleka kwa nani?"

"Yanakwenda mtoni, mama."

"Kabla ya mtoni kuna nyumba ya mzee wetu pale. Hiyo mbona siioni kwenye karatasi?"

Haikuwepo kwa sababu karatasi ilikuwa imeishia mpaka wa mtaa. Mfereji uliojengwa nusu haupunguzi mafuriko, unayahamisha tu na kuyaongezea kasi. Dar es Salaam ilishaonja hili kwa ukubwa wa jiji zima: maji ya vitongoji vya juu yanashuka Msimbazi, na mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 30, waliookoka wa mabondeni wakapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Ndiyo maana kazi ya Ramani Huria iliyoanza 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo na wakazi walizunguka wakichora mifereji na nyumba moja moja, ilikuwa na thamani kuliko mabango mengi ya mradi. Bila ramani ya aina hiyo mhandisi hawezi kujua maji yanakwenda kwa nani.

Ndani ya aina hii hii kuna njia mbili za kufanya kazi, na zinastahili kulinganishwa. Hananasif, Kinondoni, miaka ya 1990, wakazi wenyewe walipewa mikataba ya kuchimba na kujenga mifereji na njia, kwa ujira, Shirika la Kazi Duniani na wataalamu wa chuo cha ardhi wakiwasimamia. Kazi ilikwenda polepole na njia zilikuwa za kawaida tu, lakini pesa ilizunguka mtaani na watu walijua kila mfuniko umewekwa na nani. DMDP ilikuja na makandarasi wakubwa, mashine na barabara pana zenye taa. Kasi na uimara wa DMDP ni vya juu, hilo sina ubishi nalo. Ila mkazi anabaki mtazamaji, na mtazamaji hajioni kuwa ndiye wa kuzibua mfereji ukijaa chupa za plastiki. Kama mnaweza, ombeni mchanganyiko: barabara kuu ya mtaa ijengwe na mkandarasi, mifereji midogo ya vichochoroni ipewe vikundi vya mtaa kwa mkataba.

Kuhusu mfereji wenyewe, uliofunikwa au ulio wazi, watu hubishana sana. Ulio wazi unaonekana ukijaa, lakini mtoto anatumbukia na jirani anaugeuza jalala. Uliofunikwa unakupa njia ya kupita na mahali pa meza ya nyanya, lakini mchanga unajaa chini bila mtu kujua hadi siku ya mvua. Mimi nachagua uliofunikwa, kwa sharti moja: mifuniko iwe ya kunyanyuliwa na watu wawili bila mashine. Mfuniko unaohitaji kreni hautafunguliwa kamwe. Na msiache vyuma vya mshiko vimechomoza, vitakatwa viuzwe skrepa ndani ya mwezi.

Tangu 2017 barabara nyingi za mitaa mijini Tanzania ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Taka zimebaki kwa halmashauri. Mfereji uko katikati: ni sehemu ya barabara, lakini kinachouziba ni taka. Kila upande una hoja ya kusema ni kazi ya mwenzake. Ulizeni hili kabla jiwe la msingi halijawekwa.

Gharama ya kibinadamu nayo ipo. Ukuta, baraza na wakati mwingine choo kilichoingia kwenye hifadhi ya barabara hupigwa X nyekundu. Mwenye nyumba anaitwa na mthamini na kusubiri fidia. Mpangaji anaambiwa ahame. Wasiopigwa X nao hawajapona: lami ikikauka dalali anakuja, na kodi inapanda. Hananasif iliona hilo zamani. Barabara bora ni faida kwa mwenye hati au mwenye nyumba, na kwa mpangaji ni faida mpaka mkataba wake wa miezi sita uishe. Sijaona mradi wa barabara uliolimaliza jambo hili, na sidhani kuna mchoro wa kulimaliza. Angalau lisemwe mkutanoni, liandikwe kwenye muhtasari.

Bustani na fukwe

Hapa mifano miwili ya pwani inatosha. Forodhani ya Unguja ilikarabatiwa na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni na kufunguliwa tena 2009. Bustani ya Mama Ngina ya Mombasa, pale kwenye mlango wa bahari ambapo meli huingia Kilindini, ilifunguliwa Oktoba 2019 baada ya serikali ya Kenya kumwaga mamia ya mamilioni ya shilingi.

Kabla ya ukarabati, Forodhani ilikuwa na matatizo yote ya mahali panapopendwa: udongo uliokanyagwa hadi ukakauka, giza, maji yaliyotuama, moshi wa majiko kila kona. Njia rahisi ingekuwa kuwafukuza wauza chakula, kuotesha nyasi na kuweka kibao cha "Usikanyage". Badala yake wakapangiwa eneo lao ndani ya mchoro. Ukifika leo baada ya magharibi unaona kilichookolewa: meza za mishkaki na pweza, urojo, juisi ya muwa inayokamuliwa na tangawizi na ndimu, vijana wanaoruka kutoka ukutani kuingia baharini, na akina mama wamekaa kwenye majukwaa wanapunga upepo bila kununua chochote. Hao wa mwisho ndio kipimo changu cha bustani ya umma. Kama mtu asiye na shilingi anaweza kukaa saa nzima bila kuulizwa anangoja nini, bustani ni ya umma.

Mama Ngina nayo ilikuwa na maisha yake kabla ya mradi. Jumapili jioni familia za Mombasa zilienda pale kwa vizazi, kula mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, kunywa madafu, kutazama meli. Mradi ukaleta kabro, ngazi, majukwaa, taa na vibanda vya kupanga. Kwa usalama na usafi hakuna kulinganisha na zamani. Lakini kibanda cha kupanga kina kodi na idadi yake ina mwisho, na mwenye karai lake la mihogo hakuwa na kodi. Kati ya hizo mbili, mimi naona Forodhani ilijibu swali la mchuuzi vizuri zaidi, na Mama Ngina ilijibu vizuri zaidi swali la ukubwa: ni pana, familia nyingi zinaenea bila kusongamana, na mibuyu bado imesimama.

Kuna jambo la kulitazama hapo hapo Forodhani. Jirani yake ni Beit al-Ajaib, na Desemba 2020, wakati bustani iko kwenye fahari yake, sehemu ya jumba hilo iliporomoka likiwa kwenye ukarabati na watu wawili wakafa. Mbele kumependeza, nyuma kumechakaa: ndivyo pesa za miji zinavyokwenda, zinafuata mahali panapopigwa picha. Unguja hiyo hiyo, mradi wa huduma za jamii mijini, ZUSP, ulitengeneza ukuta wa bahari wa Mizingani na pia ukajenga mitaro mikubwa ya maji ya mvua huko Ng'ambo, upande wa mji nje ya Mji Mkongwe. Ukuta umeingia kwenye kila kadi ya posta. Mitaro ya Ng'ambo haina mtalii anayeipiga picha, lakini mwenye nyumba aliyekuwa akipandisha magodoro juu ya kabati kila masika anaijua.

Je, mtaa wa kawaida uombe bustani? Bustani ya aina ya Forodhani ni ya mji mzima, si ya mtaa. Kwa mtaa, kitu cha kupigania ni kidogo na hakina utepe wa kukatwa: uwanja wa wazi uliobaki upimwe, upate hati kwa jina la halmashauri au serikali ya mtaa, na uwekewe alama za mipaka. Dar es Salaam viwanja vya watoto vimegeuka baa, gereji na nyumba za ibada, kimoja kimoja. Ukishapata hati, taa mbili na goli mbili zinatosha kuanzia. Kenya zile taa ndefu za mlingoti mmoja, mulika mwizi, zilibadilisha saa za biashara kwenye vitongoji vingi: mama mboga aliyekuwa akifunga saa moja sasa anafunga saa nne. Ila balbu ikiungua, nani anapanda? Mlingoti uliozimika huishia kuwa alama ya kuelekezea wageni tu.

Mtaa wa watembea kwa miguu

Hapa nitapita haraka, kwa sababu mitaa mingi ya uswahilini tayari ni ya watembea kwa miguu, hakuna aliyeipanga tu. Suala hili ni la katikati ya mji.

Nairobi walijaribu Luthuli Avenue mwaka 2019, kaunti na UN-Habitat. Ulikuwa mtaa wa matatu na maduka ya vifaa vya umeme, kila duka na spika yake mlangoni, huwezi kusikia unachoambiwa bei. Ukafanywa wa njia moja, njia za miguu zikapanuliwa, miti na viti vikawekwa. Kigali walifunga kwa magari sehemu ya barabara ya KN 4 katikati ya mji Agosti 2015. Tofauti yao ndiyo somo. Kigali walianza kwa kufunga tu, na kwa miaka kadhaa palibaki lami tupu chini ya jua, wenye maduka wakilalamika wateja wamepotea. Palikuja kuchangamka baada ya kuwekewa viti, kivuli, bustani na mahali pa kula, na sasa panaitwa Imbuga City Walk. Luthuli walianza na vifaa lakini gari halikuondoka kabisa.

Ningechagua njia ya Kigali kwa mji wenye halmashauri yenye nguvu ya kusimamia, na ya Luthuli kwa mji ambao mizigo inashushwa mchana kutwa. Kariakoo, kwa mfano, huwezi kufunga mtaa bila kujibu mkokoteni utapita wapi. Na mjue kwamba njia pana ya miguu ni sokoni: ukiijenga leo, kesho kuna turubai na viatu vya mitumba. Halmashauri isiyotaka kulizungumza hilo kabla italizungumza baadaye kwa virungu vya mgambo.

Nyumba, soko, kituo

Huu ndio mradi unaopendwa na viongozi kwa sababu una ghorofa, na ghorofa inaonekana kutoka mbali. Una faida kubwa kuliko yote ukifanikiwa. Ukishindwa hakuna wa kurudisha nyumba ya mtu.

Magomeni Kota, Dar es Salaam, ni mfano wa upande mzuri. Wakazi walikuwa kaya 644 za nyumba za zamani za serikali, walihamishwa, nyumba zikabomolewa, wakakaa nje karibu miaka kumi, na Machi 2022 maghorofa yakazinduliwa rasmi. Miaka kumi ni mingi. Watoto walimaliza shule, wazee wengine hawakurudi. Lakini orodha ya kaya 644 haikupotea, na hiyo ndiyo iliyowarudisha. Walikuwa na jambo ambalo wakazi wengi wa uswahilini hawana: waliishi kwenye nyumba za serikali, kwa hiyo walikuwa kwenye vitabu kabla ya mradi.

Kibera, Nairobi, eneo la Soweto Mashariki, watu walihamishiwa maghorofa ya muda ya Lang'ata mwaka 2009, na nyumba mpya 822 zikakabidhiwa 2016. Huko nako muda ulikuwa mrefu, na baadhi ya waliopata wakapangisha nyumba zao kwa watu wenye kipato zaidi, wenyewe wakarudi kwenye mabanda. Ni rahisi kuwalaumu. Lakini mtu anayeishi kwa kuuza maandazi asubuhi akipandishwa ghorofa ya nne anapoteza kibaraza chake cha biashara, na hapo hapo anaanza kulipia umeme, maji na mkopo wa nyumba. Hesabu yake anaijua kuliko mtaalamu.

Mukuru, Nairobi, walichagua njia ambayo mimi ningeiweka juu ya zote mbili. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango, kaya zipatazo laki moja. Badala ya kuanza na michoro ya maghorofa, walianza na watu: Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, wakapanga kaya kumi kumi, kumi zikatoa mwakilishi, wawakilishi wakakutana, na mashirika zaidi ya 40 yakagawana mada, maji, afya, barabara, ardhi. Jambo lililonishika zaidi ni upana wa barabara. Kwa viwango vya kawaida vya mipango miji barabara zingemeza nyumba nyingi mno, hivyo wakakubaliana barabara nyembamba kuliko kiwango ili wachache wahame. Hapo ndipo ushirikishwaji unapoonekana, kwenye mita zilizopunguzwa. Kilichofuata, kati ya 2020 na 2022, kilikuwa barabara, maji, mabomba ya majitaka na hospitali. Nyumba zilibaki za mabati vilevile, lakini mkazi aliyekuwa akinunua maji kwa makateli kwa bei ya juu kuliko watu wa estate alipata bomba.

Hata hivyo mwishoni mwa 2021 maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba ili kupisha barabara, ndani ya eneo hilo hilo lililopangwa kwa ushirikishwaji wa kupigiwa mfano. Mpango mzuri haumlindi mtu aliyeko kwenye ardhi yenye mgogoro wa umiliki. Ardhi kwanza, ramani baadaye.

Kuhusu masoko nasema machache. Jengo la Machinga Complex pale Ilala lilikamilika 2010 na kwa miaka mingi vizimba vyake vingi vilikaa vitupu, huku wamachinga wakijaa barabarani hatua chache kutoka mlangoni. Machinga anamfuata mtu anayepita, na mtu anayepita hapandi ngazi kununua soksi. Soko jipya lijengwe chini, kando ya kituo cha daladala, au lisijengwe. Kituo cha afya ni habari nyingine: jengo ni sehemu rahisi, ulizeni kwanza kama ikama ya wauguzi, yaani idadi yao ya kuajiriwa, imeshapitishwa.

Sasa kuchagua

Ukivipanga sambamba, tofauti zinajitokeza kwenye mambo matatu. La kwanza ni nani anapoteza: barabara inamgusa aliye kandokando, bustani inamgusa mchuuzi, mtaa wa miguu unamgusa mwenye duka na dereva, ghorofa inamgusa kila mtu kwa wakati mmoja. La pili ni muda. Mfereji mtauona faida yake masika ya kwanza, bustani siku ya ufunguzi, na ghorofa, kwa mifano niliyotaja, mjiandae kwa miaka saba hadi kumi. La tatu ni kurudi nyuma. Mtaa uliofungwa kwa magari unaweza kufunguliwa Jumatatu, bustani inaweza kupandwa upya, mfereji uliokosewa unaweza kubomolewa kwa gharama. Nyumba iliyobomolewa haina Jumatatu.

Kwa hiyo, kama mtaa wenu unajaa maji au magari hayafiki, ombeni barabara na mifereji, na msikubali lami bila mfereji hata mkiambiwa mfereji utakuja awamu ya pili. Kama maji si tatizo na bado mna kiwanja wazi, kipimeni mwaka huu. Kama mko katikati ya mji, anzeni na kufunga mtaa Jumapili moja moja kabla ya kununua hata kiti kimoja. Na mkiletewa maghorofa, kama ninyi ni wapangaji wa serikali wenye majina kwenye vitabu, sikilizeni, kuna mahali pa kuanzia. Kama ni wapangaji wa watu binafsi, jibu langu ni hapana, mpaka daftari la wapangaji lipigwe muhuri na nakala ibaki ofisi ya mtaa.

Siku ya mkutano msihangaike na picha za rangi zenye wazungu wanaoendesha baiskeli. Ombeni karatasi tatu. Mchoro unaoonyesha maji yanakoishia, hata kama ni nje ya mpaka wenu. Orodha ya wanaoishi na kufanya biashara kwenye eneo, wapangaji wakiwemo. Na hati ya makabidhiano inayosema baada ya kipindi cha matazamio, muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, kwisha, nani atalipa umeme wa taa na nani atanyanyua mifuniko. Ikiwa hiyo ya tatu bado haijaandikwa, mwambieni mwenyekiti aahirishe kura hadi wiki ijayo.